Kupima gesi joto kwenye utafiti wa mimea, kuanzia shambani hadi maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa uzamili, wasaidizi wa utafiti na wenye mashamba wanaotupokea, kuanzia Njoro, karibu na Nakuru, hadi uwanda wa Kano karibu na Kisumu. Ya mwanzo ni ya msingi, ya mwisho ni ya vichwa kuuma. Jibu likiwa tayari mahali pengine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Misingi

1. Ni gesi zipi hasa tunazopima?

Tatu: hewa ukaa (CO2), methani (CH4) na nitrasi oksaidi (N2O). Hewani sasa kuna CO2 ya sehemu zaidi ya 420 katika kila sehemu milioni (ppm), methani kama 1.9, na N2O kama 0.34 tu. Usidharau udogo huo. Kwa hesabu ya miaka 100 katika ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kilo moja ya methani itokayo kwa viumbe hupasha joto kama kilo 27 za CO2, na kilo moja ya N2O kama kilo 273.

Kwa hiyo gesi ya kuandama inategemea zao lako. Anayefuatilia mbolea za DAP na CAN kwenye mahindi ya Nakuru aiandame N2O. Aliye kwenye mpunga wa Ahero asianze na kingine ila methani.

2. Idara yetu ina kifaa cha kubana jani na kupima usanisinuru. Hakitoshi?

Hakitoshi. Kinatumia mwanga wa infraredi kupima CO2 na mvuke wa maji unaoingia na kutoka kwenye jani. N2O hakiioni kabisa, na udongo, ambako ndiko gesi nyingi za swali lako zinakotoka, hakiugusi.

3. Nina ruzuku ndogo. Ninunue mashine gani kwanza?

Usinunue mashine. Hili ndilo jibu linalokasirisha watu kuliko yote, nasi hatutaacha kulitoa. Data nyingi mbovu tulizoziona hazikuharibiwa na mashine. Ziliharibika shambani, kwenye chemba inayovuja, sindano butu au chupa iliyozibwa vibaya. Mashine ya mamilioni itakupimia uvujaji huo kwa usahihi wa ajabu.

Anza na chemba nzuri, sirinji, koki za njia tatu, chupa zenye vizibo vya raba, vipimajoto na saa ya mkononi. Kisha tafuta maabara ya kukupimia sampuli kwa malipo. Hapa Kenya, Kituo cha Mazingira cha ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) kilichoko Nairobi kimejengwa kwa kazi za aina hii, na kutoka Nakuru unaenda na kurudi siku moja. Ukishamaliza misimu miwili bila kuaibika, ndipo uzungumzie mashine yako mwenyewe (swali la 14).

## Chemba na kazi ya shamba

4. Chemba ni nini, na fundi wa jua kali anaiweza?

Anaiweza vizuri sana. Chemba ina sehemu mbili: kitako kinachozikwa udongoni na kubaki hapo msimu mzima, na kifuniko kinachowekwa wakati wa kupima tu. Gesi inayotoka udongoni inajikusanya ndani, nawe unapima inavyoongezeka. Vipande vya bomba nene la PVC vinafaa, hata masanduku magumu ya plastiki, mradi yasipitishe mwanga.

Mwambie fundi mambo haya bila kupunguza. Ukingo wa kifuniko uwe na sponji au raba inayobana, na vibanio pande zote. Juu kuwe na tundu la kuchotea hewa, tundu la kipimajoto na mrija mwembamba wa kusawazisha shinikizo, la sivyo upepo utakusukumia gesi ndani na nje. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 huchanganya hewa. Nje paka rangi nyeupe au funika kwa karatasi ya kung'aa, maana jua la saa tano huigeuza chemba nyeusi kuwa jiko. Gundi ya silikoni iache ikauke siku kadhaa. Harufu unayoisikia nayo ni gesi.

Kabla ya kumlipa, funga kifuniko juu ya plastiki tambarare, pulizia pumzi yako ndani, halafu upime CO2 mara mbili kwa nusu saa. Ikishuka sana, mrudishie fundi kazi yake.

5. Kitako kizikwe wapi, na kwa kina gani?

Sentimita 5 hadi 10, angalau siku moja kabla ya kipimo cha kwanza, kwa sababu kuchimba kwenyewe kunaamsha gesi. Usikate mizizi mingi kwa kwenda chini zaidi.

Mahali pa kuweka kitako pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mbolea ya mahindi huwekwa kwenye mstari, na N2O hutoka kwa wingi hapo hapo. Ukiweka vitako vyote kwenye mstari, shamba lako litaonekana kama kiwanda. Ukiviweka vyote katikati ya mistari, litaonekana takatifu. Weka kote kuwili, kisha piga wastani kulingana na eneo ambalo kila sehemu inawakilisha.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano kuna taabu yake. Ukikauka unapasuka, na ufa ukipita chini ya kitako, gesi inatorokea huko. Kagua kila safari. Ufa ukifika ukingoni, hamisha kitako na uandike daftarini ulikihamisha lini.

6. Kila chemba ichotwe hewa mara ngapi?

Mara nne: inapofungwa tu, kisha dakika ya 10, 20 na 30. Mbili hazitoshi, kwani nukta mbili daima hufanya mstari ulionyooka hata kama zote mbili ni uongo. Kabla ya kuchota, pampu sirinji mara mbili tatu ili hewa ya ndani ya mrija ichanganyike. Andika joto la ndani ya chemba kila mara; utalihitaji kwenye swali la 17.

7. Tupime saa ngapi, na mara ngapi kwa msimu?

Kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, ambapo joto la udongo hukaribia wastani wa siku. Mara moja kwa wiki yatosha siku za kawaida. Ukishaweka mbolea, pima kila siku kwa karibu wiki nzima, kisha siku moja ndiyo moja siyo hadi gesi itulie.

Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiikose kwa lolote. Udongo uliokauka ukilowa ghafla, vijidudu vyake huamka na gesi hupanda kwa kishindo. Jambo hili lina historia ya hapa nyumbani: H. F. Birch, aliyefanyia utafiti wake Muguga, karibu na Nairobi, alilieleza kwenye makala yake ya 1958, na hadi leo wanasayansi duniani huliita kwa jina lake. Sisi wenyewe tuliwahi kufunga kazi Ijumaa mbingu zikiwa nyeupe, mvua ikanyesha usiku huohuo, tukarudi Jumatatu kuokota mabaki. Kilele cha msimu mzima kilikuwa kimepita Jumamosi bila shahidi.

8. Na mpunga ulio ndani ya maji?

Hapa sheria zinabadilika. Sehemu kubwa ya methani ya mpunga hupitia ndani ya mmea wenyewe, kwenye nafasi za hewa zinazopeleka oksijeni mizizini, kwa hiyo ukipima maji matupu katikati ya mistari umepima kidogo mno. Mimea lazima iwe ndani ya chemba, na chemba irefuke kadiri mpunga unavyorefuka; wengi huunganisha vipande viwili au vitatu.

Jambo la pili ni miguu yako. Ukikanyaga tope kando ya kitako, mapovu ya methani yanapanda, nawe utadhani ni mpunga. Jenga kidaraja cha mbao kabla ya kupanda na usikanyage kwingine. Ukiona kipimo cha kwanza kimeruka juu kuliko vinavyofuata, muulize aliyekuwa anachota alisimama wapi.

Kwa wanaojaribu kukausha na kulowesha mashamba kwa zamu kule Ahero au West Kano: pimeni na N2O pia. Methani hushuka maji yakiondolewa, ila N2O inaweza kupanda, na anayepima moja tu anasimulia nusu ya hadithi.

## Sirinji na chupa

9. Tutumie chupa zipi, na kwa nini mnasisitiza kujaza kupita kiasi?

Chupa za kioo za mililita 10 hadi 20 zenye vizibo vya raba ya byutili. Raba ya kawaida inapitisha gesi polepole. Chupa iwe imeondolewa hewa kwa pampu kabla ya kwenda shambani, kisha ya mililita 12 uisukumie mililita 20 au zaidi. Shinikizo likiwa kubwa ndani, uvujaji mdogo utatoka nje. Hewa ya nje haitaingia kuchafua sampuli.

Kwetu kuna sababu nyingine, nayo ni milima. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Chupa iliyojazwa Njoro bila shinikizo la ziada, ukishuka nayo Kisumu, inavuta hewa ya ziwani njia nzima.

10. Chupa zinaweza kukaa muda gani kabla ya kupimwa?

Wiki chache, zikiwa mbali na jua. Muhimu kuliko kuhesabu siku ni kubeba mashahidi: jaza chupa nne tano kwa gesi sanifu unayoijua kiwango chake siku ileile ya kazi, zisafiri na kulala pamoja na nyingine. Zikipimwa na kutoa namba tofauti, umejua kilichozipata zote.

11. Sampuli ni nyingi, na kila chupa inalipiwa. Kuna njia?

Ipo. Chota hewa kidogo kutoka chemba kadhaa za shamba moja kwa dakika ileile, uchanganye ndani ya sirinji moja, ujaze chupa moja. Njia hii ilijaribiwa hapahapa Kenya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013. Unapata wastani wa shamba kwa chupa nne badala ya ishirini, ila unapoteza habari ya tofauti kati ya chemba na chemba. Kama tofauti hiyo ndiyo swali lako, lipa tu.

## Mashine

12. Kromatografu ya gesi inafanyaje kazi?

Sampuli inasukumwa na gesi safi ya kubeba kupitia mrija mrefu uliojaa chembechembe. Kila gesi inakawia humo kwa muda wake, hivyo zinatoka moja moja. Mwishoni zinakutana na detekta: ya mwali wa moto kwa methani, ya kunasa elektroni kwa N2O. CO2 hupimwa kwa detekta ya upitishaji joto, au hugeuzwa kuwa methani kwanza ikapimwa kwa mwali.

Mashine haijui ppm. Inajua ukubwa wa mawimbi. Wewe ndiwe unayeifundisha kwa gesi sanifu za viwango vitatu au zaidi, na kuiuliza tena kila baada ya sampuli kama kumi, maana husahau mchana unapopata joto.

13. Ni kweli detekta ya N2O ina mionzi na inahitaji leseni?

Kweli. Ndani yake mara nyingi kuna nikeli-63, ambayo nusu yake huchukua kama miaka 100 kuisha. Miale yake ni dhaifu na haipenyi chuma cha detekta, kwa hiyo kukaa karibu nayo si hatari. Kuifungua ndiko kosa. Hapa nchini inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya chini ya sheria ya 2019. Anza makaratasi kabla ya kuagiza, mashine isije ikakaa bandarini ikikusubiri.

Hilo ni tofauti na leseni ya utafiti wenyewe, ambayo unaiomba NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

14. Kati ya kromatografu na vichanganuzi vya leza, ipi bora?

Leza inapima papo hapo, kila sekunde, na inaona mabadiliko madogo kuliko sehemu moja katika bilioni. Unaiunganisha na chemba kwa mirija, dakika tatu nne umemaliza, chemba haijapata hata joto. Hakuna chupa wala sindano. Nyingine unazibeba mgongoni zikitumia betri.

Ubaya wake ni bei, makumi ya maelfu ya dola, na mara nyingi zile za N2O huja kama mashine ya pili. Pili, hazisamehe maji. Mrija ukizama kwenye jaruba la mpunga, pampu ikavuta maji, umeua mashine kwa sekunde mbili; weka chupa ya kunasia maji na chujio bila kujadiliana. Tatu, mashine moja inapima chemba moja kwa wakati mmoja. Timu ya watu watatu wenye sirinji inaweza kuhudumia chemba kumi na mbili kwa saa moja.

Kwa mashamba yaliyotawanyika na bajeti ya kawaida ya huku, sisi tungechagua sirinji. Kwa shamba moja linalopimwa usiku na mchana, leza.

15. Umeme ukipotea katikati ya kazi?

Utapotea. Kromatografu iwe na UPS (betri ya dharura) inayoihimili walau hadi jenereta iwake. Detekta ya kunasa elektroni ikishapoa, kutulia kwake huchukua saa nyingi, pengine usiku mzima, na sampuli zilizopimwa kabla haijatulia ni za kutupa. Soma pia bamba la nyuma: umeme wetu ni volti 240, na mashine ya Marekani ya volti 120 utaijua kwa moshi.

Mitungi ya gesi ifungwe ukutani kwa mnyororo, na haidrojeni ikae penye hewa. Usafi wa gesi uwe asilimia 99.999. Gesi ya kuchomelea ya gereji haifai hata kama muuzaji anaapa.

16. Zile sensa za bei nafuu za maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, zinafaa?

Za CO2 zinazotumia infraredi, ndiyo, ukishazilinganisha na gesi sanifu na kurekebisha shinikizo la mahali ulipo. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayepima upumuaji wa udongo, zinatosha kabisa.

Sensa ndogo ya methani aina ya MQ-4 ilitengenezwa kunusa gesi inayovuja jikoni; inaanzia ppm 300. Hewa ya shamba ina 1.9. Ni kama kupima kijiko cha chumvi kwenye mizani ya malori ya miwa. Kwa N2O ya shamba, hata usihangaike kuzunguka maduka.

## Hesabu na vipimo vya ajabu

17. Nabadilishaje ppm kuwa gesi inayotoka shambani?

Tuchukue mfano. Chemba ina kimo cha sentimita 20. N2O imepanda kutoka ppm 0.34 hadi 0.64 kwa dakika 30, joto likiwa nyuzi 25. Hiyo ni ppm 0.60 kwa saa.

Nakuru mjini, kwenye mita kama 1,850, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 81, hivyo moli moja ya gesi inajaza lita 30.6. Juu ya mita moja ya mraba chemba inabeba lita 200, yaani moli 6.54. Zidisha kwa sehemu 0.60 za milioni: mikromoli 3.92 za N2O. Kila moli ina gramu 28 za nitrojeni, basi jibu ni mikrogramu 110 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa saa.

Sasa tazama kosa tunalolikuta kwenye kila tasnifu ya pili. Mwanafunzi amenakili fomula yenye shinikizo la pwani, kilopaskali 101.3. Moli inakuwa lita 24.5, na jibu linaruka hadi 137. Amezidisha gesi ya mkulima wa Nakuru kwa robo nzima, bila chemba kuvuja wala mashine kukosea. Kisumu kosa hilo ni kama asilimia 14. Barometa ya simu inatosha kukuokoa.

18. Nimepata namba hasi. Nifute?

Usifute. Udongo usiotuama maji una bakteria wanaokula methani ya hewani, kwa hiyo hasi kwenye mahindi au msituni ni habari, si hitilafu. Kwa N2O, hasi ndogo mara nyingi ni kelele za kipimo; iache vilevile, kwa sababu ukifuta hasi na kubakiza chanya wastani wako unapanda kwa ujanja wako.

19. Nukta hazikai kwenye mstari. Nitajuaje kama ni uvujaji?

Muulize CO2. Udongo hai hutoa CO2 karibu daima, kwa hiyo ndani ya chemba isiyopitisha mwanga inapaswa kupanda vizuri. Ikipanda kwa mstari huku N2O ikitawanyika, chemba ni nzima; N2O ilikuwa kidogo tu kuliko mashine inavyoweza kuona. CO2 nayo ikishuka dakika ya 20, una uvujaji, au chupa mbili zimebadilishana lebo. Lebo hutokea zaidi.

20. Ile asilimia 1 ya IPCC inamaanisha nini kwa mfuko wa CAN?

Ni makadirio ya jumla: nitrojeni ya mbolea, asilimia 1 hutoka kama N2O. Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye nitrojeni asilimia 26 una kilo 13. Asilimia 1 ni gramu 130 za nitrojeni, sawa na gramu 204 za N2O, ambazo hupasha joto kama kilo 56 za CO2. Marekebisho ya IPCC ya 2019 yalitenganisha: asilimia 1.6 kwa mbolea ya viwandani penye mvua nyingi, 0.5 penye ukame. Ukitaka asilimia yako mwenyewe, lazima uwe na kipande kisichowekwa mbolea, ambacho gesi yake utaitoa kwenye hesabu.

## Wanayouliza wenye mashamba

21. "Mwanangu, hiyo ndoo yenu haitanyonya rutuba ya shamba langu?"

La, mama. Inafunikwa nusu saa kisha inatolewa. Hewa tunayochukua ni ile ambayo ingepaa kwenda zake. Si sumu pia. Watoto wasiving'oe vitako tu, na mbuzi wafungwe.

22. Nitalipwa pesa za kaboni?

Si kwa vipimo hivi. Miradi ya kaboni ina mikataba, wahakiki na sheria zake. Kenya ilibadilisha sheria ya tabianchi mwaka 2023 na kutoa kanuni za soko la kaboni 2024. Mtafiti anayekuahidi malipo ili umpe shamba, mwombe aandike.

23. Chemba moja tu kati ya kumi na mbili inatoa methani, na shamba ni kavu. Mashine imeharibika?

Kabla ya kumpigia fundi, ng'oa kitako uchimbe. Mchwa hutengeneza methani tumboni, na koloni moja chini ya kitako linatosha kukuvuruga. Usiifute namba hiyo. Andika "mchwa", piga picha, na ongeza kitako kingine hatua chache kando.